Kung'atuka

Katika mtaa tulioishi miaka mingi palikuwa na chama cha kuzikana. Mwanzilishi wake alikuwa fundi cherehani, mtu mpole na mwaminifu, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Mzee. Mimi nilikuwa katibu wake kwa muda wa miaka tisa. Ukatibu wangu ulikuwa kazi nyepesi, kwa sababu chama chote kilikaa kichwani mwa Mzee. Yeye ndiye aliyejua nani amelipa ada na nani amesamehewa. Turubai limehifadhiwa kwa nani. Sufuria zetu kumi na mbili zimegawanywa katika nyumba zipi. Aliyefiwa na mkwe hupewa kiasi gani, na ni kwa sababu gani tuliafikiana hivyo. Daftari langu lilikuwa na majina ya waliohudhuria mikutano pamoja na tarehe, basi. Mtu akija kwangu na swali nilimjibu, "Kamuulize Mzee."

Asubuhi moja Mzee alipooza upande mmoja, na ulimi wake ukafungika. Kabla mwezi haujaisha mtaa wetu ulipata misiba miwili. Tulizunguka nyumba hadi nyumba tukitafuta sufuria, na tukapata saba. Msiba wa pili ulikuwa wa mama mmoja mjane aliyefiwa na mwanawe. Alisema kwamba Mzee alimsamehe ada tangu mumewe alipofariki. Wengine wakasema chama hakijapata kumsamehe mtu ada. Hapakuwa na maandishi ya kumtetea wala ya kumpinga, na Mzee alikuwa kitandani akitutazama tu. Tulimpa yule mama nusu ya fungu lake, naye akaipokea bila kuinua macho. Chama hakikumaliza mwaka. Hatukuibiwa hata senti moja, wala hapakuwa na mtu mbaya miongoni mwetu. Kilikufa tu.

Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi kwa nini katika miaka tisa sikumwuliza Mzee hata siku moja: je, usipokuwepo itakuwaje? Jibu nalijua. Niliona ni kumchuria. Kumwuliza mtu mzima habari za kuondoka kwake, tena katika chama cha kuzikana, nilikuona ni utovu wa adabu.

Jioni moja nilimsimulia mambo haya binti yangu, ambaye hupata riziki yake kwa kuandika programu za kompyuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, swali hilo wenzetu waliliuliza hadharani mwaka 1994, na mwenyewe akiwa anasikia." Nilimtaka anieleze. Alinieleza kwa siku kadhaa, na mengine nikayasoma mwenyewe. Nayaandika hapa kwa sababu naona yanawahusu hata watu wasiowahi kugusa kompyuta.

Kwanza msomaji aelewe jambo moja. Programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa na mtu. Makampuni mengi huyaficha maagizo hayo, kama mpishi anayeuza chakula lakini hasemi ametia viungo gani. Programu huria ni kinyume chake. Maagizo yake yote yako wazi, na mtu yeyote ana ruhusa, kwa leseni iliyoandikwa, kuyasoma, kuyanakili, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Wanaozitengeneza wametawanyika katika nchi nyingi, na wengi wao hawajapata kuonana. Wengine hulipwa na waajiri wao, wengine hujitolea. Asiyeridhika anaweza kuchukua nakala kamili na kwenda kuanzisha yake. Kwa hiyo mkuu wa jumuiya ya namna hii hana askari wala mshahara wa kuwashikia watu. Ana heshima yake tu, na heshima ikiisha watu huondoka na mali yote, naye pia akabaki na mali yote.

Jumuiya aliyonisimulia binti yangu ni ya Python. Hii ni lugha ambayo kwayo mtu huiandikia kompyuta maagizo. Ilianzishwa na Mholanzi aitwaye Guido van Rossum, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa hisabati na kompyuta mjini Amsterdam. Wakati wa sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1989 alikuwa na nafasi, akaanza kuitunga kama kazi ya kujifurahisha. Jina hakulitoa kwa nyoka, bali kwa kikundi cha wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Kabla ya hapo alikuwa mmoja wa waliotengeneza lugha nyingine, ABC, ambayo ilikuwa nzuri kwa wanafunzi lakini ngumu mno kuongezewa kitu na mtu wa nje. Fundisho hilo hakulisahau. Mwezi wa Februari 1991 aliitoa Python kwa umma, na watu wakaanza kuitumia na kuiongezea.

Miaka mitatu baadaye Mmarekani mmoja, Michael McLay, aliyefanya kazi katika taasisi ya serikali ya viwango na vipimo, aliwaandikia wenzake swali: itakuwaje Guido akigongwa na basi? Hakuwa na nia mbaya. Taasisi yake ilitaka kuitegemea lugha hii, naye alitaka kujua kama inasimama kwa miguu ya mtu mmoja. Guido hakununa. Mwezi wa Novemba mwaka uleule 1994 alihudhuria mkutano wa kwanza wa watumiaji wa Python, watu wapatao ishirini, uliofanyika katika taasisi hiyohiyo kule Maryland. Mwaka 1995 akahamia Marekani kufanya kazi. Mwaka huohuo wenzake wakamvika cheo cha utani: Dikteta Mwema wa Maisha. Utani huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Wote waliweza kusema, lakini neno la mwisho lilikuwa lake.

Niliposikia hapo nilimwambia binti yangu, "Basi huyo hakuwa tofauti na Mzee wetu." Akasema, "Subiri, baba."

Tofauti ilianza mwaka 2000. Mapendekezo ya kuibadili lugha yalikuwa yamezidi, na hapakuwa na mtu aliyeweza kukumbuka lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa nini. Barry Warsaw na wenzake wakaweka utaratibu. Anayetaka badiliko kubwa aliandike pendekezo lenye namba. Aeleze shida iliyopo, aeleze dawa yake, na, hili ndilo lililonigusa, aandike pia hoja za wanaompinga. Pendekezo likikataliwa halitupwi, bali huwekwa mahali palepale penye yaliyokubaliwa, pamoja na sababu za kukataliwa.

Mtu anaweza kudhani kuwa kutunza yaliyokataliwa ni kujaza kabati takataka. Basi atazame mfano huu. Mwaka 2000 yaliletwa mapendekezo mawili yaliyotaka kurahisisha hesabu za matriki, yaani hesabu za majedwali ya namba. Hayakupita. Mwaka 2014 Nathaniel Smith alileta jingine la jambo lilelile. Hakuanza upya gizani. Aliyasoma yale mawili, akaona yalijikwaa wapi, akaomba kidogo kuliko wao: alama moja tu. Likakubaliwa, na mwaka 2015 likaingia katika lugha. Walioshindwa mwaka 2000 walikuwa wamemwachia mwenzao njia iliyosafishwa nusu. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliidhania methali hiyo kuwa ni ya wafanyabiashara na fedha zao, kumbe hata sababu ni mali.

Hata hivyo, nisije nikawafanya watu hawa malaika. Badiliko lao kubwa kuliko yote walilifanya kwa taabu nyingi. Guido na wenzake waliona kuwa lugha ina makosa ya tangu mwanzo ambayo hayawezi kurekebishwa bila kuvunja programu za watu. Kwa mfano, katika Python ya zamani ukigawanya 7 kwa 2 ulipata 3, na nusu iliyobaki ilitupwa kimya kimya. Tena lugha ilichanganya maandishi ya binadamu na namba ghafi za kompyuta. Anayeandika Kiingereza, au Kiswahili chetu kinachotumia herufi hizohizo, huenda asione tatizo, lakini mwenye kuandika Kiarabu, Kihindi au Kijapani alikumbana nalo. Tarehe 3 Desemba 2008 ilitolewa Python 3 iliyosahihisha hayo. Programu nyingi za zamani hazikuweza kwenda ndani yake bila kurekebishwa. Hata amri ya kuandika neno kwenye skrini, ambayo mwanafunzi hujifunza siku ya kwanza, sasa ilitaka mabano.

Wakuu walidhani watu watahama katika miaka michache. Walitoa hata chombo cha kutafsiri programu ya zamani kuwa mpya. Lakini walikuwa hawajaona jambo ambalo kila mwenye nyumba ya kupanga analijua: mtu hahami kabla ya wale anaowategemea kuhama. Mwandishi wa programu alitegemea kazi za wengine kumi, na hao kumi walitegemea wengine. Kila mmoja alikaa akimngojea mwenzake. Watu walichotaka hasa ni kuandika kitu kimoja kinachokwenda katika lugha zote mbili, ili wahame polepole. Mwaka 2012, katika toleo la 3.3, wakuu walirudisha alama ndogo ya zamani waliyokuwa wameifuta, kwa kuwa kufutwa kwake kuliwatesa waliokuwa njiani. Tarehe ya kuacha kuitunza Python 2 ilikuwa mwaka 2015. Mwaka 2014 waliisogeza mbele hadi mwaka 2020. Kwa hiyo kuhama kulikodhaniwa ni kwa miaka michache kulichukua zaidi ya miaka 11. Katika muda huo watu walinung'unika sana, na wengine walitabiri kuwa lugha imekufa. Haikufa, kwa sababu wakuu walikubali kuwa wamekosea hesabu, wakangoja.

Sasa nifike kwenye kuondoka kwa mwanzilishi. Mwaka 2018 lilijadiliwa pendekezo namba 572. Lilihusu alama ndogo, nukta mbili zikifuatwa na alama ya sawasawa, itakayomwezesha mwandishi kuipa thamani jina na kuitumia papo hapo. Wengine waliipenda, wengine waliiona inaharibu usafi wa lugha. Ubishi ulikuwa mkali kuliko ukubwa wa jambo lenyewe. Guido alikuwa mmoja wa waandishi wa pendekezo hilo, na mwezi wa Julai alilikubali. Tarehe 12 Julai 2018 aliwaandikia wenzake kuwa anaacha uongozi. Alisema hataki tena kupigania jambo kwa nguvu kiasi kile na kisha kuona watu wengi wanadharau uamuzi wake. Alisema amechoka, na umri unakwenda. Tena akasema hatateua mrithi. Aliwauliza watafanya nini: watajenga demokrasia, au udikteta mwingine, au hawatakuwa na utawala wowote?

Kiswahili kina neno kwa tendo hili. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985 tulijifunza kusema "kung'atuka", neno alilolitoa katika lugha ya kwao ya Kizanaki. Kabla ya hapo tulikuwa na kustaafu, kujiuzulu na kupinduliwa. Hatukuwa na neno la mtu anayeinuka kitini akiwa bado anaweza kukaa. Kuwa na neno, hata hivyo, si kuwa na mazoea. Katika mtaa wetu tulilisema neno hilo kila tulipozungumza siasa, na hakuna aliyelileta ndani ya chama cha kuzikana.

Guido aling'atuka akiwa na uchungu, na sitaki kulifunika hilo. Jumuiya iliyomwuliza swali la basi mwaka 1994 ilikaa miaka 24 bila kuliandikia jibu. Walilifanyia hata mzaha: tarehe 1 Aprili 2009, siku ya wajinga, walitangaza kwa utani kwamba amestaafu. Lakini katiba hawakuandika. Kwa kipimo cha maandishi ya urithi walikuwa uchi kama sisi.

Basi kwa nini wao hawakufa? Nimelifikiri sana jambo hili. Hawakuwa na jibu, ila walikuwa na mazoea. Kwa miaka 18 walikuwa wamezoea kuandika pendekezo, kuandika upinzani, kungoja uamuzi, na kuweka yote mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma. Kwa hiyo walipolazimika kuamua namna ya kuamua, walifanya walichozoea. Yaliandikwa mapendekezo saba. Moja lilitaka kiongozi mmoja kama zamani, jingine lilitaka watu watatu, jingine baraza, na kadhalika. Waliandika hata uchunguzi wa jinsi jumuiya nyingine za programu huria zinavyojitawala. Mwezi wa Desemba 2018 wenye haki ya kushauri na kubadili lugha walipiga kura, kila mmoja akiyapanga mapendekezo kwa jinsi anavyoyapenda. Lililoshinda liliandikwa na Donald Stufft na Nathaniel Smith, yule yule wa matriki.

Utaratibu walioupitisha ni mfupi. Kuna baraza la watu watano, na baraza jipya huchaguliwa kila baada ya toleo kubwa la lugha. Watu wa mwajiri mmoja wasizidi wawili, ili kampuni yenye fedha isije ikalinunua baraza. Theluthi mbili ya kura zinaweza kumwondoa mjumbe au baraza zima. Tena baraza limeagizwa kutumia mamlaka yake kwa uchache iwezekanavyo, na kutafuta maafikiano kwanza. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilichaguliwa baraza la kwanza, na Guido mwenyewe alikuwa mmoja wa watano. Ulipofika uchaguzi wa pili, mwishoni mwa mwaka huohuo, aliliondoa jina lake. Alama iliyoleta ugomvi ilitoka katika toleo la 3.8 mwezi wa Oktoba 2019, na leo watu huitumia bila kukumbuka kuwa ilimgharimu mtu kiti.

Mtihani wa baraza ulikuja baadaye. Python ilikuwa na kufuli la ndani linaloruhusu kazi moja tu kwenda kwa wakati mmoja, hata kama mashine ina uwezo wa kufanya nyingi pamoja. Sam Gross alionyesha namna ya kuliondoa, lakini kuliondoa kungeweza kuvunja programu za watu, kama zamani. Mwaka 2023 baraza lilikubali pendekezo lake kwa masharti: badiliko lije kwa hatua, anayetaka ndiye ajaribu, na likileta madhara makubwa kuliko faida lirudishwe. Baraza lilisema wazi kuwa halitaki kurudia yaliyotokea kwa Python 3. Mwaka 2024 lilitoka kama majaribio, na mwaka 2025 likapewa hadhi kamili kwa wanaolitaka, bila kumlazimisha mtu. Hapo niliona faida ya kuandika makosa. Waliokuwa barazani mwaka 2023 si wote waliokuwa uongozini mwaka 2008, lakini kosa la mwaka 2008 waliliona kama lao.

Najua kuna atakayesema kuwa silinganishi vitu vinavyolingana. Sufuria zikipotea zimepotea, lakini programu hunakiliwa, na kila mtu akabaki na yake. Ni kweli. Jambo hilo huwapa watu wa programu huria ujasiri ambao sisi hatunao, kwa maana anayeng'atuka hanyang'anywi kitu. Lakini yule mama mjane hakukosa fungu lake kwa sababu ya sufuria. Alilikosa kwa sababu uamuzi wa huruma uliofanywa na mtu mmoja ulikaa katika kichwa cha mtu mmoja. Uamuzi ule ungeweza kunakiliwa. Ungechukua mstari mmoja katika daftari langu, na kalamu nilikuwa nayo.

Sasa nimehamia kwingine, na nimejiunga na kikundi kidogo cha wastaafu. Mwenyekiti wetu ni mama mmoja mwerevu, aliyekianzisha mwenyewe. Mwezi uliopita nilijikaza nikamwambia mbele ya wenzetu, "Mama Mwenyekiti, naomba radhi kwa swali langu. Hebu tuseme kesho haupo. Sisi tutaanzia wapi?" Chumba kilinyamaza. Mzee mmoja akaguna. Mama Mwenyekiti alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Bwana Katibu, leta hilo daftari."

Tulianza na funguo na vyombo, vipi viko kwa nani. Tulipofika kwenye waliosamehewa michango, alitaja majina manne ambayo hakuna aliyeyajua, na kila jina alilitolea sababu yake. Niliyaandika yote pamoja na sababu. Mmoja wetu alipinga jina la tatu, naye pia nikamwandika.

Mzee wetu wa zamani alikwisha fariki. Yule mama mjane alihama mtaa, na sijui alikokwenda. Nusu ya fungu lake bado ni deni.